Stauti nyeusi tii ya asilimia 12, tamu kama tende: niliinywa kwa saa mbili na nusu, haya ndiyo niliyoyaona

#1 Glasi Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Jana usiku nilifungua chupa niliyokuwa naitazama kwa wiki tatu bila kuigusa. Mililita 330, pombe asilimia 12, stauti (bia nyeusi ya nafaka iliyokaangwa) ya ile aina ambayo kwenye lebo huandikwa Imperial Stout, sisi tuite stauti ya kifalme. Imelala miezi 9 kwenye mapipa yaliyowahi kubeba wiski ya bourbon. Kampuni siitaji, maana sikuja kuipigia debe wala kuiponda. Nimekuja kueleza kilichotokea ndani ya glasi, kwa sababu dakika kumi za mwanzo nilishaandika kwenye daftari langu kwamba ni bia mbovu, na baada ya saa moja nililazimika kuyakata yale maandishi kwa mstari.

Niliitoa kwenye friji nikaimimina hapo hapo. Kipimajoto kilisoma nyuzi 5. Ilitoka kwenye shingo ya chupa kimya kimya, nzito, kama oili chafu inayomwagwa kutoka kwenye injini. Povu lilipanda kimo cha kidole kimoja, rangi ya kahawia iliyokolea, na halikukaa. Ndani ya dakika moja lilishashuka, likabaki duara jembamba linaloshika ukuta wa glasi. Niliwasha tochi ya simu nyuma ya glasi: mwanga haukupita kabisa. Nilipoinamisha ndipo pembeni kabisa, pale bia inapokuwa nyembamba kama karatasi, nikaona mstari wa wekundu wa damu ya mzee.

Funda la kwanza lilinivunja moyo. Harufu karibu hakuna, kahawa kwa mbali, basi. Mdomoni gesi ilichoma, ukaja ukavu wa kitu kilichoungua, halafu nyuma yake utamu mzito uliokaa juu ya ulimi kama mgeni asiyejua aketi wapi. Niliandika: "Tamu, nzito, haina mpangilio."

Simu ikaita. Niliporudi zilikuwa zimepita kama dakika 25 na glasi ilisoma nyuzi 11. Wakuu, ile haikuwa bia niliyoiacha mezani. Kabla sijainua glasi nilishaisikia harufu: chokoleti ile chungu isiyo na maziwa, halafu zabibu kavu, halafu tende. Nikaizungusha kidogo, ikapanda vanila na nazi kutoka kwenye mbao za pipa. Nikapiga funda dogo nikaliacha litembee. Utamu ndio uliotangulia, laini, sukari guru iliyoyeyushwa. Katikati ukaanza kuinuka uchungu wa nafaka iliyokaangwa, polepole, kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza, na ulipofika mwisho utamu ulikuwa umeshafungwa ndani. Kilichobaki kilikuwa kahawa na joto kifuani. Kifuani, narudia, siyo kooni. Pombe inayokwaruza koo na pombe inayopasha kifua ni vitu viwili tofauti.

Kwenye nyuzi 14 ndipo ilipokuwa nzuri kuliko wakati wote. Ilipopita 18 pombe ilianza kujitokeza puani yenyewe, kali kidogo, na utamu ukaanza kulegea. Kwa hiyo ile chupa ilikuwa na dirisha lake, na mimi nilianza kuihukumu dirisha likiwa bado limefungwa.

Msimamo wangu ni huu, na ndio ulionileta: watu wengi wanasema stauti tamu ni kosa, ni sharubati yenye pombe. Mimi naona utamu wenyewe hauna hatia. Swali ni nini kinaushika. Kama kuna uchungu na nafaka iliyoungua ya kutosha kuubeba, unaweza kuwa mwingi sana na bado ukanywa hadi tone la mwisho. Kama hakuna kinachoushika, hata kidogo tu kinachosha.

Karibuni.

#2 Msomaji wa Lebo

Uzi mzuri mkuu, nimekaa. Swali langu ni la msingi: huo utamu unatoka wapi? Wanaongeza sukari? Maana nilidhani hamira inakula sukari yote ndipo pombe inapatikana. Sasa asilimia 12 na bado tamu, inakuwaje?

#3 Mpishi wa Nyumbani

Hapo kwenye swali la #2 ndipo kwenye utamu wa mada yenyewe. Natengeneza bia nyumbani na stauti nzito nimezipika mara kadhaa, moja ilinitesa vibaya, nitaieleza.

Kwanza rangi. Wengi wanaona weusi wanadhani ndio ukali. Rangi haina uhusiano na pombe. Guinness ile ya bomba ni nyeusi na ina asilimia 4.2 tu. Hata kwenye stauti ya asilimia 12, sehemu kubwa ya nafaka ni kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) cheupe cha kawaida. Kimea cheusi na shayiri iliyokaangwa ni sehemu ndogo, mara nyingi kama asilimia 10 hivi, na hiyo inatosha kuzima mwanga wote. Kukaanga kimea hadi kiwe cheusi bila kushika moto ni teknolojia yenye tarehe yake: mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto. Kabla ya hapo porta za London, bia za zamani zilizozaa stauti, zilikuwa za kahawia. Kuna pia kimea kinachoitwa cha chokoleti, na hakina chokoleti hata punje. Kimepewa jina kwa rangi yake. Kwa hiyo ile chokoleti aliyoisikia mleta uzi inaweza kuwa imetoka kwenye shayiri tupu.

Sasa utamu. Kimea kinalowekwa kwenye maji ya moto, vimeng'enya vinavunja wanga kuwa sukari. Ukiloweka kwenye nyuzi 64 hivi unapata sukari nyepesi ambazo hamira inazimaliza, bia inakuwa kavu. Ukipanda hadi 68 au 69 unapata vipande virefu zaidi, dekstrini, ambavyo hamira haiviwezi. Vinabaki. Na hapa watu huchanganya: dekstrini zinaleta unene mdomoni kuliko utamu. Utamu wenyewe unaletwa na sukari zilizobaki, vimea vya karameli, na pombe pia, maana nayo ina utamu wake.

Tunapima kwa hidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji. Maji matupu yanasoma 1.000. Bia ya kawaida kabla ya kuchachuka inaanzia kama 1.045 hadi 1.050 na kuishia karibu na 1.010. Stauti kama ya mleta uzi inaweza kuanzia 1.125 na kuishia 1.035. Toa, zidisha kwa 131, unapata karibu asilimia 12. Angalia hiyo namba ya mwisho. Bia hiyo ikiwa imekwisha kabisa kuchachuka bado ni nzito karibu kama maji ya kimea ya bia nyepesi kabla haijaanza. Ndio maana inamiminika kama oili.

Ile iliyonitesa: nilichemsha saa tatu ili maji yapungue na sukari ijikusanye. Nikapata 1.120. Nikaweka pakiti moja ya hamira kama nilivyozoea. Siku nne mapovu kila mahali, siku ya tano kimya. Nikapima: 1.052. Nikasubiri wiki mbili, 1.052. Hamira ilikuwa imechoka. Ilikuwa chache, haikupata hewa ya kutosha mwanzoni, na ilizungukwa na pombe yake yenyewe. Nilipoonja, ilikuwa tamu, ndiyo, lakini ni utamu wa uji wa kimea mbichi: bapa, unanata kwenye meno, haumaliziki. Hapo nilijifunza kwamba kuna utamu uliopangwa na kuna utamu wa hamira iliyochoka. Wa kwanza una mahali pake. Wa pili ni kazi iliyoachwa njiani.

Na ni hatari pia. Ukifunga kwenye chupa bia kama hiyo, hamira ikiamka humo ndani gesi inaongezeka hadi chupa inapasuka. Niliianzisha hamira mpya pembeni kwenye bia changa, ilipokuwa inachemka kwa nguvu nikaimwagia yote. Ikashuka hadi 1.036. Ndipo nikaifunga.

Kuhusu kuongeza sukari: wapo wanaotumia laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hamira ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo inabaki yote. Asiyepatana na maziwa asome lebo vizuri.

#4 Funda Moja

Nimewasoma kwa heshima zote, lakini mimi nabaki upande wa pili. Nimeonja hizi bia nne au tano na hakuna hata moja niliyomaliza. Funda la kwanza nasema lo, la pili nasema sawa, la tatu nimeshiba. Bia inatakiwa ikuite uirudie. Hizi zinakukalia.

Na kuna jambo linaniuma zaidi. Stauti za sasa zinawekewa vanila, nazi, biskuti, karanga, keki. Nilipewa moja nikaambiwa nionje bila kuona lebo, nikasema ni maziwa ya chokoleti. Nafaka iliyoungua iko wapi? Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ziko wapi? Mleta uzi umesema uchungu ndio unaofunga mlango. Kwenye hizo mlango umeng'olewa.

#5 Glasi Nyeusi (mleta uzi)

#4 ndugu yangu, hapo mwishoni tuko pamoja kabisa. Nimewahi kunywa moja ya namna hiyo, vanila ilikuwa nyingi kiasi kwamba mikono ilinukia. Vanila ni rahisi kupendwa, na kwa sababu hiyo ni rahisi kufunika bia dhaifu. Kipimo changu ni hiki: jaribu kuitoa kichwani. Jiulize, bila ile vanila, chini yake kuna stauti? Kama chini kuna kahawa, kuna uchungu, kuna nafaka, basi vanila ni pambo. Kama chini hakuna kitu, umenunua pambo.

Lakini hilo la kutomaliza, naomba nikuulize: ulizinywa kwa joto gani, na kwenye glasi ya namna gani, na kiasi gani? Funda la tatu kushiba linaweza kuwa la bia, linaweza pia kuwa la ukubwa wa funda.

Kuna jaribio dogo ambalo lilinibadilisha, jaribu kwa stauti yoyote. Ziba pua kwa vidole. Piga funda dogo, lizungushe, lisikilize. Utapata vitu vichache tu: tamu, chungu, uchachu kidogo, uzito, joto. Hutapata chokoleti, hutapata kahawa, hutapata tende. Meza, kisha achia pua na utoe pumzi nje taratibu. Vyote vinaingia kwa pamoja, kama taa imewashwa. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kwenda puani kwa kupitia nyuma ya kinywa. Sasa bia ya nyuzi 5 haitoi harufu, kwa hiyo umebaki na ulimi peke yake, na ulimi unakuambia "tamu, chungu, nzito" tu. Mtu akisema stauti hizi ni sharubati, mara nyingi anaeleza alichokipata kwa ulimi mtupu.

#6 Kaunta ya Usiku

Nafanya kazi kaunta, miaka mingi sasa, na hizi bia nazimimina karibu kila wiki. Naomba nichangie upande wa glasi maana ndipo nyingi zinapoharibikia.

Usitumie glasi ndefu iliyonyooka, na usiigandishe glasi kwenye friza. Tumia yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ile ya konyaki inafaa sana, au hata ya mvinyo. Mimina mililita 100 hadi 150, usijaze. Nafasi iliyobaki juu ndiyo nyumba ya harufu. Chupa ikitoka kwenye friji iache mezani nusu saa hadi dakika 40 kabla ya kufungua. Mteja akikosa subira namwambia aishike glasi kwa viganja viwili, joto la mikono linafanya kazi haraka kuliko watu wanavyodhani.

Povu likishuka mapema msilalamike kwamba bia imekufa. Pombe nyingi hairuhusu povu kusimama, na bia hizi huwa na gesi kidogo kwa makusudi. Mkizungusha glasi mtaona michirizi inashuka ukutani kama machozi. Hiyo inatokana na pombe kuruka haraka kuliko maji. Inaonyesha nguvu ya bia, haionyeshi ubora wake.

Mimina polepole, na karibu na mwisho angalia kitako cha chupa. Nyingi zina mashapo ya hamira. Hayadhuru, ila yanaleta ladha ya udongo na yanafunika ule mwisho msafi. Mimi huacha kidole kimoja chini.

Na #4, jaribu ukiwa na mwenzako. Chupa moja watu wawili au watatu. Utaona ile hali ya kukaliwa inapotea.

#7 Msomaji wa Lebo

Asanteni sana, nimejifunza zaidi ya nilichouliza. Kuna mtu aliwahi kuniambia zinaitwa za kifalme kwa sababu zilitengenezwa kali ili zisigande njiani kwenda Urusi. Ni kweli?

#8 Rafu ya Chini

Hilo la kuganda limerudiwa sana. Fikirieni wenyewe: bia ya asilimia 10 inaanza kuganda nyuzi nne hivi chini ya sifuri. Baridi kali ya Bahari ya Baltiki, njia ya meli kwenda Urusi, haiwezi kuzuiwa na tofauti hiyo. Na porta za kawaida, zisizo kali, nazo zilisafirishwa kwenye bahari hiyo hiyo. Zile kali zilitengenezwa kali kwa sababu wanunuzi walizipenda hivyo, na kwa sababu zilidumu.

Jina la kifalme lina ushahidi wake. Mchoraji Joseph Farington aliandika kwenye shajara yake mwaka 1796 kwamba alikunywa porta kutoka kiwanda cha Thrale, akaambiwa ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya malkia wa Urusi na ingeweza kukaa miaka 7. Malkia huyo ni Catherine wa Pili. Kiwanda kilikuwa Southwark, London, na wakati huo kilikuwa kimeshanunuliwa, tangu 1781, na waliokuja kuwa Barclay Perkins, ila watu waliendelea kukiita kwa jina la zamani. Baadaye mfanyabiashara Albert Le Coq akajijengea jina kwa kuipeleka stauti hiyo Urusi. Meli moja, Oliva, ilizama Baltiki mwaka 1869, na mwaka 1974 wapiga mbizi walikuta chupa zikiwa na jina la Le Coq.

Neno stauti lenyewe zamani lilimaanisha bia kali tu. Iliwezekana kuwa na stauti nyeupe. Weusi ulikuja kushikamana na jina baadaye.

Mapipa ya bourbon ni hadithi ya juzi, na ni ya Kimarekani. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Maana yake pipa likishatumika mara moja, mwenye bourbon halihitaji tena kwa kazi hiyo. Yapo mengi, lita 200 kila moja, mbao bado zimelowa wiski. Kiwanda cha bia cha Goose Island, Chicago, ndio waliolitangaza wazo hilo miaka ya 1990 kwa kuweka stauti humo. Vanila na nazi alizozisikia mleta uzi ni za mwaloni, hakuna aliyezitia.

#9 Funda Moja

Nimerudi. #6 nimefuata maelekezo yako, tulikuwa watatu, chupa moja, dakika 40 mezani, glasi za mvinyo. Nilimaliza sehemu yangu. Siwezi kusema nimekuwa mpenzi wa aina hii, bado kwangu bia ya kiu ni nyepesi na kavu. Ila nilipata ile ladha ya zabibu kavu, kwa mara ya kwanza, na nilipoachia pua kama alivyosema mleta uzi nilishtuka kweli. Mwenzangu mmoja alisikia tumbaku, mwingine ngozi ya viatu vipya. Tulibishana hadi glasi zikaisha.

Swali: kuna aliyeziweka muda mrefu? Wanasema zinazidi kuwa nzuri.

#10 Glasi Nyeusi (mleta uzi)

Nimefurahi sana kusikia hilo, #9.

Kuziweka, nina jambo la kuumiza. Niliweka moja miaka minne. Ilikuwa zawadi kutoka kwa mtu ninayempenda, nikasema nitaifungua siku maalumu. Niliiweka juu ya friji, mahali pa juu, nikiona ni salama. Kumbe pale ndipo joto la mashine linapopandia, mchana na usiku, miaka minne. Siku ilipofika nikaifungua mbele ya watu. Harufu ya kwanza ilikuwa mchuzi wa soya. Ya pili ilikuwa karatasi iliyolowa. Chini yake, kwa mbali sana, kulikuwa na chokoleti, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kuona kwamba kulikuwa na bia nzuri mle na mimi ndiye niliyeiua kwa joto.

Hewa kidogo inayobaki chini ya kizibo hufanya kazi polepole. Ikifanya kazi kwenye baridi, gizani, inaweza kuleta ladha za zabibu kavu na mvinyo wa sheri, na ukali wa pombe unatulia. Kwenye joto kazi hiyo hiyo inakwenda mbio na kuleta soya na karatasi. Kwa hiyo: mahali penye baridi isiyobadilika, pasipo na mwanga, chupa imesimama. Na zile zenye kahawa au vanila ya kuongezwa msizicheleweshe, hizo ndizo zinazofifia kwanza. Siyo kila chupa inazidi kuwa nzuri. Nyingi zimeshakuwa nzuri siku unayozinunua.

#11 Mpya Hapa

Samahani wakuu, nauliza kwa upande wa afya na usalama. Chupa moja ya mililita 330 nikinywa peke yangu, ni sawa na bia ngapi?

#12 Kaunta ya Usiku

Swali zuri na nashukuru umeuliza. Mililita 330 mara asilimia 12 ni kama mililita 40 za pombe halisi. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo chupa hiyo ndogo ni zaidi ya bia moja na nusu za kawaida, zile za nusu lita. Mwili huondoa kama mililita 10 kwa saa, kwa makadirio, na hutofautiana mtu na mtu. Hesabu saa nne. Utamu unaficha pombe, na hapo ndipo watu wanapokosea: mdomo unasema kinywaji laini, damu inasema vingine. Kaunta kwangu simpi mtu chupa ya pili kabla sijamuuliza anarudije nyumbani. Kama ana funguo za gari mfukoni, hapati.

Na ina kalori nyingi, chupa moja hupita 350 kirahisi. Kunywa maji pembeni, glasi kwa glasi.

#13 Glasi Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi na matokeo. Nilikuwa na chupa mbili zilizobaki za ile ile ya #1. Jumamosi nikafungua moja na dada yangu mkubwa. Yeye si mtu wa bia nzito, na sikumwambia chochote kuhusu uzi huu. Nilimimina glasi mbili sawa kutoka kwenye chupa moja. Moja nikairudisha kwenye friji, ya pili nikaiacha mezani. Baada ya dakika 40 nikampa zote mbili, za mililita 80 kila moja, nyuzi 6 na nyuzi 14.

Alianza na ya baridi. Akakunja uso kidogo: "Hii imeungua." Akanywa maji, akachukua ya pili. Alikaa nayo kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia, pua ndani ya glasi. Kisha akaniuliza kwa nini hii ya pili wameitia sukari na chokoleti na ile nyingine hawakuitia.

Nikamwambia zimetoka chupa moja. Hakuamini. Aliichukua ile ya baridi, akaikumbatia kwa viganja viwili kama #6 alivyoeleza, akawa anaionja kila baada ya dakika chache, akiilinganisha na ile iliyokaa mezani. Ilipofika 12 akasema, "Sasa inakuja." Ilipofika 14 akaziweka zote mbili chini na kusema hawezi tena kuzitofautisha.

Niligundua jambo jingine kwa kumwangalia. Mtu asiyejua majina ya ladha anaonja vizuri tu. Alisema katikati kuna "kitu kinachoukamata utamu usikimbie". Mimi nilihitaji daftari kulifikia hilo.

Chupa ya mwisho ipo chini ya kabati, upande wa ukuta usiopigwa jua, imesimama. Nimeandika tarehe kwenye kizibo kwa kalamu. Mwaka mmoja tu, siizidishi. Dada ameshasema nisiifungue bila yeye.